Mashine ya Maziwa Inapoandika Sifuri

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo umepata karani mpya katika miji na vijiji vyetu, karani asiyechoka wala kusahau. Karani huyo ni mashine ya kuuzia maziwa, ile ambayo sote tumezoea kuiita ATM ya maziwa. Mteja humkabidhi mhudumu shilingi 10, 20 au 50. Mhudumu hubonyeza tarakimu. Maziwa hutiririka na kukoma yenyewe kipimo kinapotimia. Wakati huo huo, ndani ya sanduku lile la chuma, hesabu huandikwa: ni kiasi gani kimetoka, kwa bei gani na saa ngapi. Baadhi ya mashine hizi zina laini ya simu ndani yake, na humpelekea mwenye mali habari popote alipo. Mtu anaweza kuketi Nairobi akajua ni lita ngapi zimeuzwa Kaaga kabla jua halijachomoza vyema.

Ni jambo la kufurahisha, na sikusudii kulibeza. Hata hivyo, mpenzi msomaji, kila palipo na maandishi panahitajika msomaji, na msomaji mbaya huweza kuyaharibu maandishi mazuri. Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi alama zinavyobeba maana. Nikizitazama takwimu za mashine hizi kwa jicho hilo, naona kwamba wafanyabiashara wetu wengi wamefunzwa kuzikusanya kabla ya kufunzwa kuzisoma. Kosa lililo kubwa zaidi katika usomaji huo ni hili: kudhani kwamba kilichouzwa ndicho kilichohitajiwa.

Kwanza tukumbushane mashine hizi zilikotoka. Zilianza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo mnunuzi wa mjini alikuwa na njia mbili: kununua pakiti dukani kwa bei iliyopangwa kiwandani, au kununua maziwa mabichi ya kupimiwa, asijue yamekamuliwa lini wala kama yametiwa maji. ATM ya maziwa ilikuja katikati ya njia hizo mbili. Maziwa yake yanatakiwa yawe yamekwisha kuchemshwa kwa kipimo na kupozwa kabla ya kumiminwa ndani, na biashara hiyo iko chini ya usimamizi wa Bodi ya Maziwa ya Kenya. Hayana gharama ya pakiti. Tena mnunuzi ndiye anayeamua kiasi, si kiwanda. Mwenye shilingi 10 hupata ya shilingi 10, akaenda zake na heshima yake.

Kwa sisi wa Meru jambo hili lina uzito wa pekee. Hapa ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Muungano wa vyama vya ushirika wa Meru Dairy, ambao maziwa yake ya chapa ya Mount Kenya yanajulikana mbali na hapa, umejengwa juu ya jasho la wakulima wadogo wenye ng'ombe wawili au watatu. Kaaga nayo ni kitongoji cha wasomi: kuna shule za upili za wasichana na za wavulana, na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya. Kwa hiyo mkulima yuko upande huu wa mlima, na mwanafunzi mwenye kikombe cha chai yuko upande ule wa barabara; mashine iko katikati. Anayeisoma mashine vibaya huwakosesha wote wawili.

Si haki kuyasema mabaya kabla ya kuyataja mema. Takwimu za mauzo zimemwokoa mwenye duka na dhana. Zamani akirudi jioni aliambiwa tu kwamba maziwa yamekwisha na fedha ni hizi. Leo anaweza kulinganisha lita zilizomiminwa asubuhi, lita zilizotoka, lita zilizobaki na fedha zilizoingia. Zisipooana, anajua kuna tone lililopotea njiani. Anaweza kuona kwamba wanunuzi huja kwa mikupuo miwili, alfajiri kabla ya watoto kwenda shule na jioni watu wanaporudi kazini, kisha akapanga gari la maziwa lifike kwa wakati. Mashine inayoandika kiasi cha baridi humwonya kabla maziwa hayajachachuka. Hayo yote ni kheri tupu.

Inafaa pia tukumbuke kwamba fikira ya mashine kutoa habari zake haikuanza kwa muuzaji bali kwa mnunuzi. Mnamo mwaka 1982, wanafunzi na watafiti wa idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walichoshwa na safari ya kuifuata mashine ya soda na kuikuta tupu, au kupewa chupa iliyotiwa muda huo huo na ingali na joto. Wakaziunganisha taa za mashine ile na kompyuta yao, hata mtu akaweza kuuliza akiwa mezani pake: ni safu ipi iliyo na chupa, na zimekaa katika baridi muda gani? Mashine ile ya soda huhesabiwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kabisa duniani kutoa habari zake kupitia mtandao wa kompyuta. Ajabu ni kwamba habari waliyoihitaji zaidi haikuwa idadi ya chupa zilizouzwa. Walitaka kujua kama mashine ina kitu au haina. Walianza na utupu. Sisi tumeanza na mauzo, tukausahau utupu.

Hapa ndipo isimu inapoweza kumsaidia mfanyabiashara. Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wanalijua fundisho la mofimu kapa. Tukisema "kalamu" kwa maana ya umoja, hatusikii kiambishi chochote; tukisema "kalamu" kwa maana ya wingi, hatusikii kiambishi vilevile. Masikio hupokea kitu kile kile. Lakini sentensi haituachi gizani: "kalamu imepotea" ni moja, "kalamu zimepotea" ni nyingi. Mahali patupu pana maana, na maana hiyo hudhihirishwa na maneno yanayoandamana napo. Anayeling'oa neno kutoka katika sentensi yake, akalikodolea macho peke yake, hatajua kamwe ni kalamu ngapi.

Sifuri ya mashine ni ya namna hiyo hiyo. Tuseme daftari la mashine linaonyesha kwamba kati ya saa 12 na saa 2 jioni hakuuzwa chochote. Sifuri hiyo ina maana gani? Yamkini hakuja mteja yeyote. Yamkini walikuja wateja 30, lakini maziwa yalikuwa yamekauka tangu saa 11. Yamkini umeme ulikatika, pampu ikanyamaza. Yamkini mhudumu alikuwa amefunga duka akampeleke mtoto hospitalini. Hizo ni hali nne mbalimbali, kila moja inadai dawa yake, na zote nne zimeandikwa kwa alama moja. Mwenye mashine aliye mbali, anayeitazama simu yake tu, huchagua maana iliyo rahisi: hapa jioni hapana soko. Kisha hutenda kwa mujibu wa maana hiyo. Hupunguza maziwa, hufunga mapema, au huihamisha mashine kabisa.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hilo ni kosa dogo, litakalojirekebisha lenyewe kadiri siku zinavyopita. La hasha! Ni kosa linalojizalisha. Hebu tutunge mfano ambao mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kuuandika ubaoni. Wateja wa mtaa fulani wanahitaji lita 90 Jumatatu, 110 Jumanne, 100 Jumatano, 120 Alhamisi na 80 Ijumaa. Jumla ni lita 500, na wastani ni lita 100 kwa siku. Mwenye mashine, akiwa mtu makini anayeheshimu takwimu, anaamua kuleta lita 100 kila siku, zisizidi wala kupungua.

Juma linalofuata wateja ni wale wale na haja zao ni zile zile. Jumatatu anauza lita 90. Jumanne anauza 100, kwa sababu hana nyingine. Waliotaka 10 zilizosalia wanarudi mikono mitupu. Jumatano anauza 100, Alhamisi 100, Ijumaa 80. Daftari linasoma lita 470, yaani wastani wa lita 94. "Soko limeshuka," anasema, naye anaanza kuleta lita 94. Juma la tatu anauza 90, 94, 94, 94 na 80. Wastani ni kama lita 90. Analeta 90. Juma la nne wastani unakuwa lita 88. Katika muda wa mwezi mmoja daftari limeshuka kutoka 100 hadi 88, na mchoro ulio kwenye simu yake unateremka kama njia ya kwenda mtoni. Lakini hakuna hata mteja mmoja aliyepunguza haja yake! Yeye mwenyewe ndiye aliyelifinya soko, kisha akaupima mfinyo wake akauita hali ya soko.

Nasisitiza kwamba mtu huyo hakudanganywa. Kila tarakimu iliyoandikwa ilikuwa ya kweli. Alichokosa ni kujua kwamba lita 100 za Jumatatu na lita 100 za Alhamisi si sentensi moja. Kama Jumatatu zingeuzwa 100 na nyingine zikabaki, hiyo ingekuwa haja iliyotimizwa. 100 za Alhamisi, mashine ikiwa kavu, ni haja iliyokatizwa katikati ya kauli. Wahenga waliotuusia kuweka daftari ndio hao hao waliotuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali ya kwanza tumeishika. Ya pili tumeiacha.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo ni kupima mashine kwa kipimo kimoja tu. Tutunge tena mashine mbili. Ya kwanza inauza lita 80 kwa siku kwa wanunuzi 40, wengi wao wakiwa wenye hoteli na vibanda vya chai. Ya pili inauza lita 60 kwa wanunuzi 240, yaani robo lita kwa kila mmoja. Kwa kipimo cha lita, ya kwanza ni bora. Kwa kipimo cha watu, ya pili inahudumia mara sita zaidi. Hata kwa kipimo cha biashara yenyewe pana swali: mwenye hoteli mmoja akihama kwa mashine ya kwanza, pengo linaonekana siku hiyo hiyo; kwa mashine ya pili inabidi ukoo mzima uhame. Lakini anayeorodhesha mashine zake kwa lita pekee ataing'oa ile ya pili akaipeleke penye hoteli nyingi. Wale 240 hawataandika barua ya malalamiko. Watarudi kwenye maziwa ya kupimiwa kwa chupa iliyookotwa, au watoto watakunywa chai ya rangi.

Suala hili halikomei kwenye maziwa. Mwaka 2015 Kampuni ya Maji ya Nairobi, ikishirikiana na kampuni ya Grundfos ya Denmark, ilizindua mashine za kuuzia maji katika mtaa wa Mathare, ambazo mkazi huzifungua kwa kadi na ambazo hesabu zake hufuatiliwa kutoka mbali. Kwa maji, sifuri ni jambo la kutisha zaidi. Bomba likikauka siku tatu, takwimu za mauzo zitaonyesha kwamba watu hawakununua maji. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba hawakuwa na kiu?

Mfano wa karibu zaidi ni wa kampuni ya KOKO Networks, iliyokuwa ikiuza ethanoli ya kupikia kwa mashine zilizotiwa madukani na kuunganishwa kwa mtandao. Kampuni hiyo ilijua mauzo ya kila mashine yake. Ilifunga shughuli zake Januari 2026, baada ya kukosa idhini ya serikali iliyoihitaji ili kuuza hati za kupunguza hewa ya kaboni katika soko la kimataifa. Siku iliyofuata mauzo yalikuwa sifuri. Majiko yaliendelea kuwaka, ila kwa makaa, kuni au mafuta ya taa. Mkasa huo unatufunza mambo mawili: takwimu nzuri pekee haziendeshi biashara, na mwisho wa mauzo si mwisho wa haja.

Kisha kuna mtu ambaye takwimu hizi humwangukia kichwani, naye ni mhudumu. Aghalabu ni kijana au mama, na ujira wake ni mdogo. Mchoro ukishuka, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, na pengine wa kwanza kufukuzwa. Lakini ni yeye pekee anayejua sifuri ile ina maana gani, kwa kuwa alisimama pale akiwaambia watu, "Maziwa yamekwisha, mje kesho." Mashine haikuwaandika watu hao, yeye aliwaona kwa macho. Kumhukumu kwa daftari lisilo na ushahidi wake ni kumnyima shahidi nafasi ya kunena.

Tusiusahau pia upande wa mnunuzi. Tangu M-PESA ilipoanza mwaka 2007 tumezoea kulipia hata vitu vidogo kwa simu, na kila malipo huweza kuacha jina na sehemu ya namba. Si vigumu kwa mtu kujua ni nani hununua maziwa ya mtoto kila siku na ni nani aliyeacha ghafla mwezi huu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai kwamba habari za mtu zitumike kwa lengo lile zilikokusanyiwa. Muuzaji wa maziwa anahitaji kujua ni lita ngapi. Hahitaji kujua ni nyumba ipi imeishiwa.

Basi tufanye nini? Dawa si kuitupa mashine. Ni kulikamilisha daftari lake. Kwanza, iandikwe saa ambayo maziwa yalikauka. Habari hii moja ina thamani kuliko michoro kumi, kwa maana inatenganisha siku ambayo haja ilikwisha na siku ambayo maziwa yalikwisha. Pili, mhudumu apewe kidaftari na kalamu, achore mstari mmoja kwa kila mtu aliyerudi mikono mitupu. Tatu, ziandikwe saa za kukatika kwa umeme na za kuharibika kwa mashine, ili kimya cha mashine kisichanganywe na kimya cha soko. Nne, siku ilinganishwe na siku iliyo sawa nayo. Katika kitongoji kama Kaaga, mauzo ya Agosti hayawezi kulinganishwa na ya Juni bila kukumbuka likizo za shule. Wala msimu wa mvua, wakati nyasi ni tele na jirani mwenye ng'ombe anawagawia wenzake maziwa, si sawa na msimu wa kiangazi. Tano, yaletwe maziwa yanayozidi wastani kidogo. Mwenye duka ataogopa hasara ya kinachobaki, lakini kinachobaki kikiwa baridi na salama huweza kugandishwa kuwa mala, nayo mala ina wanunuzi wake. Aidha, kibaki cha lita tano ndicho kinachomhakikishia kwamba hakuna aliyenyimwa.

Nimeandika haya nikiwalenga walimu na wanafunzi kwa sababu naamini dawa hii tunayo tayari mikononi mwetu. Mwalimu yeyote wa darasa ana daftari la mahudhurio. Ndani yake huandika aliyekuja na asiyekuja. Na akiona jina fulani halina alama siku tatu, hasemi kwamba mtoto huyo hahitaji elimu. Huuliza: ni mgonjwa? Amerudishwa kwa ajili ya karo? Mvua imeubeba ule mti wa kuvukia mto? Daftari la mwalimu huwahesabu wasiokuwepo. Daftari la muuzaji huwahesabu waliokuwepo tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo yote niliyotaka kuisema.

Wanafunzi wetu wataajiriwa katika ulimwengu unaoendeshwa kwa tarakimu: za mashine za maziwa, za zahanati, za mikopo, hata za shule zenyewe. Wengi wao watakuwa ndio wanaoamua ni mashine ipi ihamishwe, ni zahanati ipi ifungwe, na ni shule ipi inyimwe walimu kwa kuwa idadi imeshuka. Ningeomba kila darasa la hesabu lililo karibu na duka la maziwa lifanye zoezi la juma moja: nusu ya wanafunzi wahesabu wanaonunua, na nusu nyingine wahesabu wanaokuta maziwa yamekwisha. Kisha wayalinganishe madaftari yao mawili mbele ya mwenye duka. Huenda kesho yake gari la maziwa likaja na mtungi mmoja zaidi.